Baiskeli Isiyo na Breki

Kwenye kifundo cha mguu wangu wa kulia nina kovu. Nililipata utotoni, Unguja, siku kaka yangu aliponipakia nyuma ya baiskeli na mguu wangu ukaingia kwenye spoki. Tangu hapo nikisikia kengele ya baiskeli nyuma yangu, nabana ukutani mpaka ipite. Nimekua hivyo, nimeolewa, nimekuja Birmingham, nimezaa, sijawahi kushika usukani wake.

Aliyenishikisha ni mama mmoja wa Kisingasinga. Nilimkuta katika duka la vitambaa Soho Road, anajisemea peke yake kwa Kiswahili, "Hii nyekundu mbaya, itachuja." Nikageuka. Kumbe mzaliwa wa Kisumu, amekuja huku akiwa msichana, na leo ana wajukuu wakubwa. Tulisimama tukazungumza kati ya marobota mpaka mwenye duka akaanza kukohoa. Nikamwambia daktari kaniambia presha imepanda, nifanye mazoezi.

"Kuja Jumapili," akasema. "Mimi nafundisha akina mama baiskeli."

"Mama, mimi baiskeli naiogopa."

"Wote wanaogopa. Kuja tu."

Nikaenda, na suruali ya mazoezi ya binti yangu chini ya gauni lililofupishwa. Uwanja wenyewe hauko mbali na kwetu Lozells, karibu na ile barabara kuu iliyoinuliwa juu ya nguzo, magari yakivuma saa zote. Ni njia ya lami inayozunguka uwanda wa majani, na kila ikifika kwenye kona inainuka upande mmoja kama paa la nyumba. Vijana walikuwa wanapita pale juu wamelala upande, kasi, bila kuanguka. Nikauliza choo kiko wapi.

Kwa bahati, miezi ya mwanzo hatukuikanyaga njia ile. Tulijifunza katikati, penye tambarare, kwa baiskeli za kawaida zilizotolewa pedali, tukijisukuma kwa miguu kama watoto. Hapo ndipo nilipozoeana na mama mmoja Mkongomani, mtu wa Bukavu, mnene na mcheshi. Yeye hofu ilimtokea kwa kicheko. "Dada, niko naogopa kabisa," ananiambia, na machozi ya kucheka yanamtoka. Mimi yangu ilinikausha mate tu. Lakini pedali zikarudishwa, na siku moja nikaona nimekwenda toka mti huu hadi ule na hakuna aliyenishika.

Nilidhani yameisha. Jumapili iliyofuata yule mama wa Kisumu akatutolea baiskeli nyingine, nyembamba, nyepesi kama mifupa ya ndege. Nikatafuta breki nisizione.

"Breki ziko wapi, mama?"

"Hapana breki. Hizi ni za kuzunguka uwanja. Gurudumu ikienda, pedali pia inaenda, na miguu yako pia. Huwezi kupumzisha miguu."

"Nikitaka kusimama?"

"Unapinga pedali na miguu, kidogo kidogo."

"Nikisahau?"

"Itakurusha." Alisema hivyo kama anayeeleza namna ya kukaanga kitunguu. Kisha akainama akatufunga miguu kwenye pedali kwa mikanda. Ule mkanda ulipokaza pale kwenye kovu langu nilitaka kumwambia anifungue, nirudi nyumbani.

Tukasukumwa. Mkongomani mbele, mimi nyuma yake, tukifuata mstari wa chini kabisa. Mzunguko wa kwanza sikuona kitu ila mgongo wake. Miguu yangu haikuwa yangu. Pedali ndizo zilizoizungusha. Tulipoikaribia kona nilitaka kupunguza mwendo, na mama akapiga kelele toka kwenye majani, "Usiogope kona! Ukipunguza utateleza! Kanyaga!" Nikakanyaga kwa kumwogopa yeye.

Mzunguko wa pili, katikati ya kona, Mkongomani akasahau. Nadhani alichoka, akataka kupumzisha miguu mara moja tu, kama tulivyozoea kwa zile baiskeli nyingine. Baiskeli ikaruka kama punda. Nikamwona anapaa, nikasikia lami inamkwaruza, kisha yeye na baiskeli yake wamelala wameziba njia yote ya chini mbele yangu.

Sina breki, miguu imefungwa. Kushoto kwangu ukingo wa saruji, mbele kichwa cha rafiki yangu, kulia ule ukuta wa lami.

"Panda!" Sauti ya mama ilipasuka. "Panda juu! Kanyaga!"

Naomba ieleweke kuwa haukuwa ushujaa. Mtu aliyekimbizwa na mbwa akarukia ukuta hasemi yeye hodari wa kuta. Niligeuza usukani kulia nikakanyaga kwa nguvu zote, nikitoa shahada kwa sauti, maana nilijua ndiyo maneno yangu ya mwisho. Ardhi ikasimama wima. Nikaona rafiki yangu yuko chini yangu, kweli chini, kama mtu aliye dirishani ghorofani anavyomwona jirani. Sikuanguka. Ule ukuta wa lami ulinishika, ukanizungusha, ukanitema upande wa pili kwenye njia iliyonyooka, naenda kasi kuliko nilivyowahi kwenda kwa miguu yangu maishani.

Na hapo hofu ndiyo ikaja sawasawa, kwa sababu sikujua kusimama. Nikazunguka tena. Wenzangu walikuwa wamekwisha kumvuta Mkongomani kwenye majani, nikawapita nikilia. Nikazunguka tena. Mara nikasikia mtu anahema ubavuni. Mama wa Kisumu, na umri wake, amepanda yake amenifuata.

"Niko hapa. Pumua."

"Siwezi kusimama, mama!"

"Hakuna mtu anasema simama. Pinga kidogo. Wacha. Pinga tena."

Tukaenda hivyo, yeye akihesabu pumzi zangu, mpaka mwendo ukafa na nikamshika bega. Waliponifungua mikanda nilitapika chai yote ya asubuhi.

Rafiki yangu alikuwa amekaa, mkono umechunika toka kiwiko hadi kiganja, anacheka na kulia. "Dada, nilikuona juu ya kichwa yangu! Nikasema, Yesu, leo niko nakufa chini ya gurudumu la Mzanzibari!" Hospitali wakakuta na mfupa wa begani umepasuka.

Jumapili iliyofuata sikwenda. Wala ile nyingine. Simu ya mama wa Kisumu niliitazama ikilia. Aliyekuja kubisha mlangoni ni Mkongomani, mkono umefungwa shingoni.

"Mimi siwezi kupanda," akasema. "Lakini niko naenda kukaa kwenye majani, nipate hewa. Sitaki kukaa peke yangu."

Nikamsindikiza, na tulikaa tu. Wiki ya tatu ya kukaa, aliniambia nikaendeshe kidogo, yeye atanitazama. Nilifungwa mikanda, nikazunguka chini kwa chini, nikashuka. Hivyo hivyo, Jumapili kwa Jumapili. Hofu haijaniacha. Kila nikiingia kona mdomo unakauka, na kule juu sijapanda tena.

Bega lake lilipopona alirudi. Siku hiyo hakucheka. Alishika usukani mpaka vidole vikakakamaa, akaniambia, "Wewe tangulia, dada. Mimi niko naangalia mgongo wako."

Nikamwambia hata mimi naogopa.

"Najua," akasema. "Tangulia tu."

Nikasukumwa. Nikamsikia na yeye anasukumwa nyuma yangu, na nikaanza kukanyaga.