Kuita Mara ya Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa vitu vitatu: ubao wa kuandikia, kalamu ya bluu na kalamu nyekundu. Ilikuwa kambini, upande wa Kigoma, nami nilikuwa mkimbizi wa Kirundi mwenye mwandiko mzuri na nywele zote kichwani. Aliyenikabidhi alikuwa Karani Mkuu wa Orodha, Mtanzania mrefu asiyependa maneno mengi, na alinifundisha kazi nzima kwa dakika tano.

"Bluu ni ya waliopo, nyekundu ni ya wasiokuwepo. Unaita jina mara tatu. Asiyeitika mara tatu hayupo. Chora mstari, endelea."

Nikamuuliza, "Na kama namwona amesimama pale, ila haitiki?"

"Hayupo," akasema. "Hata kama unamwona."

Nilicheka nikidhani ananitania. Yeye hakucheka. Baadaye nilifanya kazi ya kuhesabu kwa karibu miaka thelathini, watu na vitu, katika nchi mbili, na maneno yale yamenifuata kote.

Ninyi vijana mnaoskani simu mlangoni hamjui uhakiki. Ilikuwa siku moja ya kuhesabu kambi nzima. Watu waliingia kwenye uzio kwa lango moja, wakaitwa majina, wakachovya kidole kwenye wino usiotoka kwa sabuni, wakatokea lango la pili. Kila bloku ilikuwa na karani wake. Jina lililobaki kwenye orodha bila mtu wake tuliliita mtu hewa, na karani alisifiwa kwa idadi ya hewa aliowakata. Mimi nilisifiwa sana, na sitajifanya kwamba sikufurahia.

Sasa niwaambie kuhusu Zakaria. Alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja, na kwenye orodha alikuwa katika kaya yangu, mstari wa nne. Alimpenda mwanamume mwenzake, mwoka mikate wa bloku ya jirani. Habari zilipofika kwa watu, walimpiga mpaka wakamvunja meno mawili, akawa analala leo hapa, kesho pale. Jioni moja kabla ya uhakiki alinijia nyuma ya jiko.

"Kaka, nikipita katikati ya watu hawataniacha. Nisome wa mwisho. Wakishatawanyika nitatokea."

Nikamwambia sawa, nitafanya hivyo.

Asubuhi ya uhakiki wazee wa bloku walikuja wakasimama kando ya meza yangu, mikono nyuma. Walitaka kuona nitafanya nini nikifika mstari wa nne. Niliona aibu. Niseme ukweli, niliona aibu ya kuonekana bado namhesabu. Nikaita Zakaria, Zakaria, Zakaria, yote kwa pumzi moja, kisha nikainua macho. Alikuwa nyuma ya tangi la maji, hatua kama ishirini hivi. Aliinua mkono tu, kiganja wazi, akaushikilia juu. Nikachukua kalamu nyekundu.

Karani Mkuu alipopitia orodha yangu jioni, alisimama kwenye ukurasa ule. "Umekata hata nyumbani kwako," akasema. "Safi. Kazi hii inataka mtu wa namna yako."

Bila jina hakuna kadi, na bila kadi hakuna posho ya chakula. Zakaria aliondoka wiki ile ile na sijasikia habari zake tangu hapo. Miaka ilipopita tukahojiwa ili tuletwe Australia, Afisa wa Mahojiano aliniuliza kama kuna mwingine wa nyumba yangu. Nikamjibu ni kama orodha inavyosema. Binti yetu Divine, aliyezaliwa baada ya mambo hayo, alikua bila kulisikia jina la baba yake mdogo hata mara moja.

Huku Sydney nilianzia kwenye ghala la Minto, nikihesabu masanduku kwenye rafu. Meneja wa Ghala alikuwa mtu wa kelele lakini wa haki. "Wewe hukosei kamwe," aliniambia. "Unalala na namba?" Nililala nazo kweli. Ikaja korona, ghala likatupunguza sisi wa mkataba, nikapata kazi ya mlangoni katika ukumbi mmoja wa kukodisha, Parramatta.

Kazi yenyewe ilikuwa ya klika. Klika ni kidude cha chuma kinachokaa kiganjani. Ukikibonyeza kwa kidole gumba, namba inapanda moja. Nilikuwa nazo mbili, ya kulia kwa wanaoingia na ya kushoto kwa wanaotoka. Sheria ya mlango haikuwa na mjadala: hufungi ukumbi mpaka klika mbili zilingane.

Mji wa siku zile sijui niueleze vipi. Treni kutoka Granville ilikuja na mabehewa matupu, viti vimebandikwa vidoti vya kijani kuonyesha unaporuhusiwa kukaa. Nilikaa kwenye kidoti changu nikavitazama vingine, na mara nyingine nilipata hisia kwamba vimeshikiliwa na watu. Sauti ya kike ilitangaza vituo kwa adabu, ikaomba abiria waangalie mwanya kati ya treni na jukwaa, na abiria ni mimi. Nikitembea kuelekea ukumbini, milango ya kioo ya maduka yaliyofungwa ilijifungua nilipopita. Nilijizoeza kupita mbali nayo.

Msimamizi wa Zamu alikuwa Jules, Mkongo wa Uvira, umri wa mwanangu wa kwanza. Kati ya kufungiwa kwa kwanza na kwa pili, alinipigia simu.

"Papa Anselme, samedi uko ku hall, saa nane. Ni community event ya ba-LGBT. Uko sawa, ao nitafute mwingine?"

Nikamjibu Jumamosi nitakuwepo, mlango ni mlango. Kwa kweli nilichokihofia ni kuonekana na mtu wa kanisani kwetu. Nikajifariji kwamba barakoa itanificha.

Mwenye shughuli, Mratibu, alikuwa mama wa Kiaustralia wa rika langu, nesi mstaafu, nywele kazikata fupi kabisa. Nilimkuta akipanga viti. Kila kiti cha pili alikibandika utepe wenye alama ya X, kama sheria ilivyotaka, kisha juu ya utepe akaweka kadi nyeupe na kalamu. Nikamuuliza kadi ni za nini.

"Serikali inasema nusu ya viti vikae vitupu," akasema. "Vizuri. Sisi tunao watu wa kuvikalia."

Akanieleza. Zamani, alipokuwa nesi, aliwauguza wanaume wenye UKIMWI waliokufa mikononi mwake bila ndugu hata mmoja kufika. Wengine wa leo walikuwa na wapenzi waliokwama nje mipaka ilipofungwa. Wengine walifukuzwa na familia zao. Kila atakayekuja ataandika jina la asiyeweza kuja, na jina hilo litakaa kwenye kiti cha pembeni yake. Nikaitikia kwa kichwa, nikarudi mlangoni haraka. Nilizirudisha klika kwenye sifuri, ingawa bado hakuna aliyeingia.

Walikuja. Wazee wawili walioshikana mikono, msichana wa kichwa kilichonyolewa, mwanamume mwenye gauni la manjano na viatu vya kazi, vijana wa Kiasia waliovaa mashati yanayofanana. Watu wa kawaida, wenye adabu. Kila mmoja aliinua simu yake nione alama ya kijani ya kujiandikisha, nami nikabonyeza. Kundi moja liliingia kwa pamoja, na katikati yake mtu mmoja aliinua mkono mtupu, kiganja wazi. Kidole gumba kilibonyeza chenyewe. Nikamwambia "karibu," kwa Kiswahili, sijui kwa nini. Akapita.

Baada ya hotuba fupi wakaanza kuita. Mmoja alisimama, akataja jina lililo kwenye kiti cha jirani yake, na ukumbi mzima ukajibu kwa Kiingereza, "Here." Yaani yupo. Akasimama mwingine. Here. Barakoa ziliwafunika vinywa wote, kwa hiyo sikuona mdomo hata mmoja ukifunguka. Sauti ilitoka tu, upande wa watu na upande wa viti vitupu, na kadiri majina yalivyoongezeka ndivyo ilivyozidi kuwa nzito. Nimesikia majina mengi yakiitwa maishani mwangu, lakini sikuwahi kusikia wasiokuwepo wakiitikiwa.

Nikatazama klika ya kulia: themanini na tano. Nikatazama orodha ya waliojiandikisha: themanini na wanne. Nikahesabu vichwa safu kwa safu, mara mbili. Themanini na wanne.

Shughuli ilipoisha nikawahesabu wakitoka. Sikupepesa macho. Wa mwisho alipovuka kizingiti, klika ya kushoto ilisoma themanini na nne. Jules akaja na karatasi ya kusaini.

"Ndani bado yuko mtu," nikamwambia.

Akachungulia. "Papa, hakuna mtu, iko Mratibu tu, na yeye hatumuhesabu. Klika iko na problème, ao ulibonyeza mara mbili. Andika eighty-four tusaini. Booking ingine iko saa kumi na moja."

Kalamu aliyonipa ilikuwa nyekundu. Sidhani kama alikusudia, ndiyo iliyokuwa mfukoni mwake. Lakini niliitazama kalamu ile, nikamrudishia, nikaingia ukumbini.

Nilipita safu moja baada ya nyingine. Mratibu alikuwa akikusanya kadi, akizisoma moja moja kabla ya kuziweka kwenye boksi. Nyuma kabisa, jirani na mlango, kiti kimoja chenye utepe kilikuwa na kadi isiyoandikwa. Kilikuwa kiti kilicho karibu zaidi na pale niliposimama mchana kutwa.

"Hiki ni cha nani?" akaniuliza.

Nikamwambia. Nilimwambia kwa Kiingereza changu kibovu, mstari wa nne, tangi la maji, mkono. Sikuwahi kumwambia mtu, hata mchungaji. Nilitegemea angenifukuza, na ningeona ni haki. Aliweka boksi la kadi chini. Hatimaye alisema, "Ulifanya jambo baya sana," kwa sauti ile ya manesi isiyopanda wala kushuka. Kisha akanipa kalamu ya bluu. "Andika. Halafu mwite. Tutaitika."

Nikaandika. Herufi zilikwenda upande, mimi niliyesifiwa kwa mwandiko.

"Zakaria," nikaita.

"Here," akasema Mratibu.

Sauti yangu ilizunguka ukumbini, ikarudi. Nikangoja. Kule kambini sikungoja.

"Zakaria."

Safari hii aliyeitika alikuwa Jules, kutoka mlangoni. Alivuta barakoa chini ya kidevu, akasema polepole, "Iko, papa. Iko hapa."

Nikafungua kinywa niite mara ya tatu, nikakifunga. Mratibu alinitazama akisubiri. Jules, aliyezaliwa kwenye foleni za kambini za namna ile ile, alielewa kabla yake. "Na ya tatu, papa?"

"Ya tatu naiweka akiba," nikasema.

Kwenye karatasi niliandika wameingia themanini na watano, wametoka themanini na wanne, nikasaini jina langu kamili. Jules alisaini chini yangu. Ofisi ilinipigia simu Jumatatu, Meneja wa Kumbi akaniuliza kama nimezeeka. Nikamwambia ndiyo. Wiki mbili sikupangiwa zamu, kisha tukafungiwa tena, na kazi yangu ikaishia hapo. Klika zile zilitupwa kama mbovu. Jules aliziokota kutoka kwenye pipa akaniletea nyumbani, na sijazirudisha kwenye sifuri.

Jumapili iliyofuata siku ile ya ukumbini, tukiwa mezani, nilimtajia Divine jina la Zakaria. Nilimwambia yote. Aliweka uma chini.

"Hang on, Baba. I had an uncle?"

"Unaye," nikasema.

"And you just crossed him out? Because of that?" Aliinuka akaenda kusimama uani, akanipa mgongo. Sikumfuata. Mke wangu alikuwa analia tangu nilipotaja jina. "Nilikuwa nangoja uanze wewe," akasema. "Miaka yote hii nangoja wewe."

Divine alikaa siku nne bila kuniongelesha. Siku ya tano alikuja na kompyuta yake, akaketi karibu nami, akaanza kujaza fomu ya kutafuta ndugu waliopotea. Jibu lilichukua miezi. Liliandikwa kwa upole: jina tulilolitaja halionekani kwa waliokuwa kambini, kwani kumbukumbu za uhakiki zinaonyesha mtu huyo hakuwepo. Orodha wanayotumia kumtafuta ni ile niliyoichora mimi. Nimewaandikia barua, nimeeleza nilichofanya na kalamu ipi, na Divine ameipeleka.

Watu wa kanisani wameshasikia. Wawili wameacha kunisalimu, na mmoja alinisubiri nje, akaniuliza kwa kunong'ona ukumbi ule uko wapi.

Ninyi mliopo milangoni leo mna mashine zinazojihesabia zenyewe, na sina cha kuwafundisha kuhusu mashine. Ila ukipewa majina ya kuita, ita kwa nafasi, na ukiona mkono umeinuliwa, usiulize wanaokutazama watasemaje. Mimi sasa ni mstaafu, nina orodha moja tu, ya jina moja, kwa wino wa bluu. Nimemwita mara mbili. Kwa sheria niliyofundishwa siku ya kwanza kazini, aliyeitwa mara mbili bado hajakatwa.