Baba Anajifunza Ishirini na Moja

Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, na nyumbani kwetu karata ziliwekwa kundi moja na pombe na uchawi. Ndiyo maana mpaka leo nacheka peke yangu nikikumbuka kwamba mchezo wa mwisho aliojifunza hapa duniani ni ishirini na moja, ule wa majumba ya kamari, na kwamba mwalimu wake alikuwa askari.

Tulikuwa hospitalini Mbarara, Uganda. Sukari ilikuwa imeula mguu wake. Zahanati ya Base Camp, katika kambi yetu ya wakimbizi ya Nakivale, ilisafisha kidonda hadi ikashindwa, wakatutuma mjini. Daktari hakuzunguka mbuyu. Mguu ukikatwa chini ya goti, baba anaweza kupona, lakini moyo wake ni dhaifu na huenda usistahimili. Ukiachwa, uozo utapanda, na hapo hakuna cha huenda. Alitaka jibu la mgonjwa mwenyewe, kwani akili zake zilikuwa timamu. Baba akanigeukia.

"Mi sijuwe. Amuwa weye."

Hilo lilikuwa jibu lake kwa kila jambo tangu tulipokimbia Kivu Kusini, kule Kongo. Shamba letu la Nakivale tupande mahindi au maharage? Amuwa weye. Mchumba wa mdogo wangu tumjibu nini? Amuwa weye. Mimi ni binti yake, na nilikuwa nimechoka kuwa baba wa baba yangu. Nilimwambia daktari atupe muda kidogo, nikatoka nje nikalia kwa hasira.

Kitanda cha jirani kilikuwa na askari wa kambi ya jeshi ya pale mjini, paja limevunjika, mguu umening'inizwa kwa kamba. Baba alipoona gwanda lake juu ya kiti aligeukia ukutani. Kwetu gwanda halikuwahi kuleta habari njema. Lakini askari alikuwa amechoka kucheza karata peke yake, na mtu aliyefungwa mguu hana haya.

"Mzee, kuja tucheze. Pesa hapana."

"Kweli bila franga?" baba aliuliza, bado anatazama ukuta.

"Hata shilingi moja."

Baba aligeuka. Alifumba macho, akamwomba Mungu msamaha kabla ya kosa, kisha akasema tuanze. Nilisogeza kiti kati ya vitanda viwili kiwe meza, nami nikajifunza humo humo.

Mchezo wenyewe si mgumu. Karata zina thamani ya namba zake. Mfalme, malkia na ghulamu kila mmoja ni kumi. Asi ni moja au kumi na moja, upendavyo. Kila mtu anapewa mbili, ila mgawaji anaficha moja yake. Unaongeza karata ukitaka, ili usogelee ishirini na moja. Ukiivuka, umekufa.

Baba alikufa kila mara. Askari alipomnyooshea karata, baba aliipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, akasema aksanti, hata akiwa na kumi na tisa. Kukataa kitu unachopewa ni dharau kwetu, na miaka ya kupanga foleni kambini ilikuwa imemkazia somo hilo.

"Mzee," askari akasema, "hii hapana posho ya kambi. Wewe naweza kataa."

Nilicheka mpaka muuguzi akanikemea. Baba naye alicheka kidogo.

Kisha zikaja kanuni. Kumi na moja au chini, chukua bila woga. Kumi na saba na kuendelea, kaa. Katikati ndipo penye kazi: mtazame mgawaji. Akionyesha nne, tano au sita, tulia, afe mwenyewe. Akionyesha saba au zaidi, ongeza. Nane mbili zitenganishe, ucheze kila moja peke yake. Baba akasema anajua familia moja ya namna hiyo, mbaya ikiwa pamoja, nzuri ikitengana.

"Na weye afande, unachaguaka namna gani?" aliuliza.

"Mimi nagawa, mimi hapana fikiri. Kumi na sita nachukua, kumi na saba nakaa. Ni amri. Wewe tu ndiyo iko na kuchagua."

Baba hakulipenda hilo. Alipopata kumi na sita, na askari akionyesha kumi, alinitazama. Nilijifanya namenya ndizi.

"Hapana angalia nyabo," askari akasema, akimaanisha mimi. "Karata ni yako."

Akachukua. Ikaja tisa. Baba alizitupa karata kitini.

"Nimefuata kanuni yako, na nimekufa!"

"Kumi na sita mbele ya kumi, yote mbaya. Kukaa mbaya, kuchukua mbaya kidogo. Wewe nacheza vizuri, mzee. Karata tu ilikataa."

Baba aliziokota karata, akamrudishia. Halafu akasema jambo ambalo sisi watoto wake hatukuwahi kumsikia akilitaja.

"Wakati tulikimbia, tulifika fasi njia inagawanyika. Ya chini ilikuwa na batu ya bunduki. Nikasema tupite ku mulima. Mvua ikatukuta kule, bibi yangu, mama ya hawa batoto, akafa na baridi. Na benye balipita chini, bote balifika."

Askari alikuwa akichanganya karata. Hakuinua macho.

"Bunduki iko chini, na wewe iko na watoto? Mimi askari, mimi pia napita mlima."

Baba alijifunika shuka usoni akalia. Sikumgusa. Sikujua kama binti anaruhusiwa kugusa kilio cha namna hiyo.

Daktari alipopita asubuhi, baba alianza kusema kabla hajaulizwa. "Ukate, daktari." Hakunitazama hata kidogo.

Mguu ulikatwa salama. Moyo ndio uliosimama, alipokuwa tayari ameanza kunywa uji.

Tulimzika Nakivale. Kwenye matanga mjomba alinikalisha mbele ya ukoo. Kama tungemrudisha nyumbani, alisema, angalau angezikwa mzima. Kisha akauliza ni nani aliyeamua akatwe. Nilikuwa nimelia siku nzima, sauti imekauka, lakini wote walinisikia.

"Yeye mwenyewe," nikasema.