Egemeo Lililozama

Mimi nilikuwa na domo tangu utotoni, na darasa la sita ndilo lililoniharibu kabisa. Wiki ile mwalimu wetu wa sayansi alitufundisha nyenzo: kuna egemeo, kuna mzigo, kuna jitihada. Akaweka rula juu ya kalamu, akainua kitabu kizito kwa kidole kimoja. Loo! Nilirudi nyumbani nikiinua kila kitu. Niliinua kinu, nikainua jiwe la kusagia, nikainua hata kitanda cha baba, mwenyewe akiwa amelala. Nilikula fimbo, lakini kitanda kiliinuka.

Jumamosi mama akashikwa na uchungu. Tukamlaza kwenye tela la ng'ombe juu ya majani makavu, baba akatangulia na kamba, mimi nikafuata nyuma. Zahanati ya misheni Ushirombo ilikuwa mbali, na mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Tulipoingia kwenye mbuga ya udongo mweusi, gurudumu la kushoto likazama mpaka kwenye ekseli. Baba akapiga kelele, akachapa, ng'ombe wakavuta mpaka magoti yakagusa matope. Wapi! Mama aliuma khanga. Mtoto aliyenifuata mimi alikuwa amempoteza njiani vivyo hivyo. Sote watatu tulilijua hilo.

"Baba, nyenzo!" nikapaza sauti.

"Nyenzo kitu gani? Sukuma!"

Sikusukuma. Kichwa kilikuwa kinachemka kwa furaha, Mungu anisamehe. Tulikuwa na mawe mawili ya kuzuia magurudumu. Nikaweka moja karibu na ekseli, nikachomoa mti mrefu wa ubavuni mwa tela, nikaupitisha juu ya jiwe mpaka chini ya ekseli, nikaning'inia kwenye ncha. Jiwe likazama lote, nami nikaanguka kifudifudi matopeni.

"Ndiyo shule yako hiyo?" baba akafoka.

Hapo nikakumbuka somo jingine la mwalimu, kanieneo: uzito uleule ukitandazwa mahali papana hauzami. Nikang'oa ubao wa nyuma wa tela, nikaulaza chini, nikaweka jiwe la pili juu yake. Nikaning'inia tena. Tela likatikisika, likainuka kidogo, likagoma. Egemeo safi, mti safi, ila mimi nilikuwa mwembamba kama ufito! Na baba hakuweza kuwaacha ng'ombe, maana ilibidi wavute palepale gurudumu litakapoinuka.

"Mzigo mkubwa, jitihada ndogo!" nikalia kwa hasira.

Mama akainua kichwa. "Mzigo si mimi?" akauliza, akaanza kushuka.

"Mama watoto, una wazimu?"

Mama alisubiri uchungu upite, akaja akijishikilia kwenye tela, akakalia ncha ya mti kando yangu, yeye na tumbo lake lote. Mti ukashuka nasi taratibu. Gurudumu likachomoka topeni kwa mlio mkubwa, baba akapiga ukelele, ng'ombe wakavuta, tela likasimama mahali pakavu. Mama na mimi tulicheka palepale matopeni mpaka uchungu ukamrudia.

Mdogo wangu alizaliwa zahanati, mikononi mwa sista, kabla kengele ya jioni haijapigwa. Sasa ni mwanamume mzima, mvivu wa kupindukia. Mama, mpaka uzee wake, akimkuta amejinyoosha kwenye mkeka mchana kweupe, alikuwa akimwambia:

"Inuka wewe. Ulinyanyua tela kabla hujazaliwa."