Mstari Ulioliwa na Mchwa

Inatangazwa kwa heshima na taadhima kwa wakazi wote wa Sumbawanga, na wa Muze kama barabara itaruhusu: Mzee Christopha, mwenye mashine ya kusaga, mtaalamu pekee wa Kilatini kwenye foleni ya dona, amealikwa meza kuu kwenye jubilei ya shule iliyomfukuza kidato cha pili kwa kucheka wakati wa sala.

Kilatini chake ni sentensi moja. Ukimpelekea mahindi ambayo hayajakauka, anainua kidole: "Aut disce, aut discede!" Jifunze, au ondoka. Akina mama huondoka. Kuna mashine nyingine ng'ambo ya barabara.

Sentensi hiyo ilikuwa kwenye ubao wa bwalo la shule ile. Padre mmoja Mzungu aliinakili kutoka shule kongwe ya Uingereza, nzima, pamoja na mkia wake: "manet sors tertia, caedi." Limebaki fungu la tatu, kuchapwa. Mchwa wakaula mkia. Fundi akapaka rangi upya kilichosalia, basi shule ikajikuta na kanuni ya kistaarabu. Fimbo mchwa hawakuigusa. Mpaka leo ipo nyuma ya mlango wa mkuu wa shule, inang'aa kuliko kombe la mpira.

Mkuu huyo, Mwalimu Calvin, akamfuata Mzee Christopha mashineni.

"Shikamoo, mzee wangu. Utawaeleza wageni asili na maana ya kanuni yetu. Ila ule mkia tuuache. Kutakuwa na wazazi wanaotafuta nafasi."

"Marahaba. Na nikiutaja?"

"Viti vya meza kuu ni vichache, mzee."

Hellena, mke wa Mzee Christopha, alicheka mpaka unga ukamwingia puani. "Baba Sharon, maisha yako yote unalilia kuitwa mwanafunzi wa pale. Leo umepewa kiti. Funga mdomo ukikalie!"

Siku ikafika. Koti la kuazima, soda mbele yake, upepo unapigapiga turubai. Akaeleza Uingereza, akaeleza padre, akafika kwenye "ondoka" akakomea hapo hapo. Makofi. Calvin, kalewa makofi yasiyo yake, akanyakua kipaza sauti.

"Waheshimiwa, kanuni ilitupa njia mbili tu, na matunda ndiyo haya! Mzee wetu, waambie vijana: kati ya kujifunza na kuondoka, wewe ulianza na lipi?"

Mzee Christopha akaitazama soda yake. Ilikuwa bado haijafunguliwa.

"Kuchapwa."