Vitanda Vilivyofungiwa Stoo

Mgongo wangu uliumia asubuhi, wakati wa kutandika vitanda katika wodi ya wanawake ya hospitali moja ya huku kwetu kati ya Kibondo na Kasulu. Nilikuwa peke yangu. Muuguzi mwenzangu wa zamu alikuwa ameitwa leba. Mama mmoja aliyepasuliwa tumbo alikuwa ameteleza kitandani hadi miguu ikagusa chuma. Vitanda vyetu vilikuwa vifupi, vinanifika magotini, na mpini wa kuvipandisha ulishakatika zamani. Nikainama, nikapitisha mikono chini ya makwapa yake, nikavuta. Kiuno kikashtuka. Mguu wa kushoto ukafa ganzi, nikaanguka kwa magoti nimeshikilia godoro.

Dada wa mgonjwa, mkulima wa Murungu ambaye wazazi wake walitoka Burundi, ndiye aliyeniwahi. "Ihangane, sista," alinipa pole kwa Kirundi, akanikalisha sakafuni. Mgonjwa alilia akiniomba radhi, kana kwamba uzito wake ni kosa. Hilo liliniuma kuliko kiuno.

Metroni alipofika akauliza, "Mbona hukuita mtu?"

"Ningemwita nani?"

Aliagiza nichomwe sindano ya maumivu, na baada ya mapumziko mafupi nikarudishwa wodi ileile. Nilikwenda kwa mganga mfawidhi kuomba kazi nyepesi. Alitabasamu.

"Nyie akina mama wa Kiha mmezoea kubeba kuni. Huo mgongo utapona."

Mama yangu alibeba kuni mpaka akashindwa kunyooka. Nyumbani hatukuwahi kusema amezoea. Tulisema anaumwa.

Siku moja nilitumwa stoo kuchukua mashuka. Nyuma ya maboksi nikaona vitanda vipya, vya kupandisha na kushusha, bado viko kwenye nailoni. Mtunza stoo akaniambia bila aibu kwamba vinamsubiri mgeni rasmi aje avizindue, ila ziara yake inaahirishwa kila mara. Nililia mle ndani, kwa hasira.

Nikawaambia wenzangu. Wakati wa kubadilishana zamu, walioingia na waliotoka tulikwenda kusimama mlangoni pa stoo. Metroni alikuja kututawanya. Akachungulia ndani, akaviona vitanda kwenye nailoni, kisha akamwambia mtunza stoo, "Vitoe. Nitajibu mimi."

Vikaingia wodini siku hiyohiyo. Mgeni rasmi alipokuja hatimaye, alikata utepe uliofungwa kwenye kitanda chenye mgonjwa. Wenzangu walipiga makofi kama walivyoelekezwa. Mimi sikupiga.

Sasa niko kliniki ya watoto Kasulu, kazi ya kukaa. Jembe nimeliacha, maharage analima mume wangu, na asubuhi binti yangu ndiye anayenifungia viatu. Watu wananiambia nishukuru kwamba nimehamishwa. Nashukuru. Lakini waliovifungia vile vitanda hakuna hata mmoja aliyeulizwa lolote, na hilo sijalisamehe.