Flugeli Aliyoiomba Mama

Naikumbuka siku moja, mwanangu, siku niliyoiona flugeli kuwa aibu. Shule niliishia kidato cha pili. Darasa nililiacha kabla halijanifukuza. Lakini kwenye bendi ya kanisa letu hapa Njombe nilikuwa mtu. Flugeli ukiiona utadhani ni tarumbeta lililonenepa: mdomo mpana, tumbo kubwa, sauti nene ya chinichini kama mtu anayekubembeleza. Kwetu kwenye msiba tarumbeta ndilo linaloongoza watu kutoka nyumbani mpaka kanisani. Kaburini, udongo ukianza kushuka, matarumbeta yananyamaza, flugeli inashika wimbo peke yake, ili waliofiwa waimbe bila kuzidiwa na kelele.

Kazi ya heshima, eti? Mimi nilichoona ni kwamba harusini wasichana wanamwangalia mpiga tarumbeta. Mimi nilikuwa wa misiba, na mashavu nikiyajaza, chura kabisa. Nikamwendea Mwalimu Mligo, kiongozi wa bendi, nikamwambia nataka tarumbeta.

"Na flugeli ataishika nani?"

"Si mimi huyohuyo, Mwalimu? Vitufe vitatu huku, vitatu kule. Vidole ni vilevile."

"Vidole sawa. Na midomo je? Haya, nenda. Mshika mbili moja humponyoka."

Mama aliposikia akaacha kumenya viazi. "We baba, mimi nikifa usiniletee hilo la makelele. Nipigie ile yako nene."

"Kwani unakufa lini, mama?" Tukacheka wote.

Tarumbeta likanipeleka Makambako, kwenye bendi ya jazi, ukumbi wa karibu na stendi. Madereva wa malori wakinishangilia, najiona mwenye mji. Ila hata huko, kila tukifika wimbo wa taratibu, kiongozi wa bendi ananiuliza, "Flugeli yako iko wapi? Tarumbeta linabisha hodi tu, flugeli ndiyo inakaribishwa ndani." Namjibu nitaifuata. Ngoja ngoja huumiza matumbo, mwanangu, na mimi tumbo nilikuwa nalo la kutosha.

Mama akafariki mwezi wa saba, majani yameota weupe wa baridi. Nikaichukua flugeli kanisani, nikaipuliza kidogo, nikaona inatosha. Vidole si vilevile?

Kaburini matarumbeta yakanyamaza. Watu wakaningoja. Nilikuwa nimesahau kwamba pale pa kupulizia pana shimo refu, panataka pumzi ya kumwaga polepole, na mimi miaka yote nilikuwa nabana midomo ya tarumbeta. Ikatoka sauti ya mbuzi mwenye mafua. Nikajaribu tena. Hewa tupu.

Dada yangu akaninong'oneza, "Kaka, piga basi, udongo unaingia."

Nikashindwa. Mwalimu Mligo akamkonyeza kijana wa tarumbeta, na mama yangu akafunikwa kwa makelele yaleyale aliyoyakataa. Mwalimu hakunigombeza. Alinifunga vizuri kola ya koti, akasema, "Pole, mwanangu." Bora angenichapa.

Siku hizi naipiga vizuri. Wananifuata mpaka kutoka Lupembe nikawazikie watu wao, na wananisifu. Nashukuru. Ila yule niliyetaka anisifu hasikii.

Sasa nimesikia na wewe, kijana wa bendi yetu, umeomba tarumbeta, kwa kuwa flugeli haipendezi kwenye video za simu. Lichukue, sikukatazi, hata mimi bado linanichezesha mguu. Lakini usiiache flugeli ikae ukisema utairudia. Chombo hakingoji mtu, midomo inasahau mapema kuliko kichwa. Ipe pumzi kidogo kila jioni, hata majirani wakununie. Na kama kuna mtu amekuomba wimbo, mpigie leo, angali anaweza kukwambia umekosea.

Mungu akupe mapafu ya kuishinda baridi yetu hii, mwanangu. Akutunzie mama yako, na akufikishe nyumbani leo umkute macho.