Karkade Iliyotiwa Chumvi

Nakumbuka asubuhi moja pale Kakuma, mwanangu, joto limeshika mabati ya darasa mpaka dawati lilikuwa halishikiki. Rafiki yangu Achol, aliyekimbia vita kutoka Bor, alikuwa hajasema neno tangu apate habari kwamba kaka yake ameuawa. Siku hiyo shangazi yake alikuja kumtoa shule.

"Huyu haongei, hasikii," alimwambia mwalimu. "Mimi nachukua yeye, asaidie kibanda ya chai."

Sikuwa na rafiki mwingine.

Mwalimu akamsihi shangazi angoje somo liishe. Na somo lenyewe lilikuwa bahari! Sisi ambao maji tunayachimba kwenye mchanga wa mto mkavu. Akajaza maji ya vuguvugu kwenye chombo kirefu cha kioo. Kisha akachukua karkade, ile chai nyekundu ya maua, akaitia chumvi, jamani, karkade na chumvi! Akaipoza kwa barafu ya duka la Msomali, akaimimina polepole pembeni. Ikazama.

"Kule bahari inakoganda," alisema, "barafu inaiacha chumvi nyuma. Maji yanayobaki ni baridi, tena yana chumvi nyingi. Yanakuwa mazito, yanashuka."

"Imekufa huko chini," kijana mmoja akasema, tukacheka.

Achol akainama mpaka pua ikagusa kioo.

"Haijakufa," alisema. "Inatembea."

Haki ya Mungu, nilisisimka mwili mzima. Na kweli, ile nyekundu ilikuwa inatambaa chini kwa chini kwenda upande wa pili, maji ya juu yametulia tu. Mwalimu akasema baharini maji hayo husafiri gizani miaka na miaka, halafu hupanda tena mbali sana, yakaonana na jua. Nikayaona kama niko usingizini, yanapita kimya chini ya dunia nzima. Joto nikalisahau.

Shangazi alikaa dawati la nyuma, akajifunika shuka usoni, akalia. Akaondoka peke yake, Achol akabaki darasani.

Sasa wewe unamkwepa kaka yako tangu arudi na kimya chake, eti amekwisha. Ebo! Nani kakwambia? Nenda kwake Kanamkemer leo. Usimlazimishe kuongea. Chemsha chai, ukae naye, na kesho urudi tena. Akuj, Mungu wetu, awanyunyizie maji nyote wawili, mwanangu, na siku kaka yako atakapopanda juu kama maji yale, akukute umekaa hapo.